UZI: Kidonda cha ulimi kisichopona. Si kila mara ni kansa, na si kila mwenye TB anakuja akikohoa

FundiMeno_Amu

Assalaam aleikum wanajukwaa, na habari zenu nyote, wa visiwani na wa bara.

Uzi huu nimeuweka kwa sababu nimechoka kupokea watu wenye kidonda cha miezi mitatu kinywani, wameshamaliza rafu zote za duka la dawa ndipo waje kwangu. Kazi yangu ni ya meno, hapa Amu, yaani Lamu. Wanakuja kutoka Matondoni, Shela, Faza, Mokowe, hata Witu. Wengi ni kung'oa tu na kwenda zao. Ila mara moja moja huingia mtu ambaye jino lake halina neno, kidonda ndicho chenye neno.

Kisa hiki nimekibadilisha hapa na pale ili mwenyewe asijulikane. Baba wa makamo, fundi wa mashua. Ana kidonda ubavuni mwa ulimi, mkabala na gego lililovunjika. Yeyote angesema jino ndilo linalomkwangua. Dukani alipewa ile dawa ya zambarau ya kupaka, kisha antibayotiki, kisha antibayotiki nyingine "kali zaidi". Nyumbani akanywa kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya, akapakwa habasoda na asali. Gego likachongwa lisimguse. Kidonda hakikutikisika.

Sasa tazama kwa karibu, maana hapa ndipo penye habari. Kidonda ni kimoja, sentimita moja na nusu hivi. Kingo zimekatika ovyo, na ukipitisha kijiti cha kupimia chini ya ukingo kinazama: pameliwa kwa chini, kama jabali la ufukweni ambalo maji yamelitafuna huku juu bado limesimama. Sakafu yake ina chembechembe na utando wa manjano uliochanganyika na kijivu. Pembeni kuna vijidoa vidogo vya manjano. Akila ndimu au pilipili machozi yanamtoka. Chini ya taya matezi mawili yamevimba na yameshikana.

Watu wa nyumbani walishajiambia ni kansa. Mkewe aliniuliza kama nauli ya kwenda Mombasa ina faida yoyote au waitumie kwa mambo mengine.

Nikamuuliza mzee kama anakohoa. Akasema hakohoi. Nikauliza tena kwa njia nyingine, mwanawe akadakia: "Baba anakohoa kila alfajiri, lakini ile ni ya sigara." Jasho la usiku alilisingizia joto la kaskazi. Kikoi chake kilikuwa kinafungwa mizunguko zaidi ya zamani, nalo alisema ni uzee.

Kipande cha nyama kilikatwa ukingoni mwa kidonda kikapelekwa Mombasa. Makohozi yakapimwa hapa hapa, na yakatoka na TB kabla ya majibu ya kipande kurudi. Picha ya kifua ikaonyesha shimo juu ya pafu la kulia. Majibu ya Mombasa yalipokuja yalitaja vivimbe vidogo vidogo vilivyooza katikati na seli kubwa zenye viini vingi, alama za TB. Kansa hakuna. Akaanzishiwa dawa za TB, na baada ya wiki chache kidonda kikaanza kufunga kutoka pembeni kuingia kati.

Inakuwaje? Kinywa kina ulinzi wake. Mate yanatiririka na kusafisha, ngozi ya ndani ni nene, na vijidudu vya TB havipati pa kushika. Ndiyo maana TB ya kinywa ni nadra hata kwa mtu ambaye kila siku anapandisha makohozi yenye vijidudu. Lakini ngozi ile ikichubuka, kwa jino lenye ncha, meno ya bandia yasiyokaa sawa, au shimo la jino lililong'olewa, makohozi yanapita juu ya mchubuko na vijidudu vinaingia. Njia nyingine ni damu kuvisafirisha kutoka mapafuni. Kwa watu wazima mara nyingi kidonda cha kinywa ni mgeni, na mwenyeji wake yuko kifuani.

Ulimi ndio unaopatwa zaidi, lakini si peke yake. Kuna kaakaa, midomo, ndani ya shavu. Kuna ufizi unaovimba na kuwa na chembechembe nyekundu. Kuna shimo la jino ambalo badala ya kufunga linajaa nyama laini nyekundu. Kuna taya lenyewe: mfupa unaliwa, uvimbe unatokea, mwisho tundu linafunguka kwenye ngozi ya nje na kutoa usaha, na watu wanahangaika na jino ambalo si kosa lake. Kuna tezi la mate mbele ya sikio, uvimbe wa miezi unaoitwa matubwitubwi. Matubwitubwi gani ya miezi minne?

Kidonda cha kawaida cha kinywa, vile vidogo vyeupe vinavyochoma, hupona ndani ya wiki mbili. Kikipita wiki mbili, tatu kwa wingi, kinatakiwa kuangaliwa na mtu wa meno au daktari. Sitawaambia "mkiona hivi ni TB", kwa sababu kwa macho sijui mimi wala hajui yeyote. Kansa ya ulimi, kaswende, TB, jeraha la jino, zote zinaweza kuvaa nguo moja. Kansa mara nyingi ukingo wake ni mgumu ukiupapasa, wa TB ni laini na umeliwa chini, lakini kwa hilo peke yake simwandikii mtu dawa. Anayejua ni kile kipande kilichokatwa.

---

Kijana_wa_Witu

Yakhe FundiMeno, heshima yako, lakini mnatutisha. TB ni ya mapafu, kila mtoto anajua. Kidonda cha ulimi kwetu ni joto la tumbo. Mtu akipunguza muguka na pilipili, anasukutua maji ya chumvi, basi. Mkishika kila kidonda mkikate, tutabaki na ndimi?

---

FundiMeno_Amu

Kijana, huko kusukutua sikupingi, na muguka kupunguza ningefurahi. Fanya hivyo wiki mbili. Kikipona, hatuna ugomvi. Mimi nawasemea wale ambao hakijapona. Na kinachokatwa ni kipande kidogo sana, kwa ganzi. Ulimi unabaki wa kutosha kunibishia.

---

Mtu_wa_Maabara

Naingia hapa kwa sababu ni sehemu yangu. TB si ya mapafu peke yake. Kijidudu ni kile kile alichokitangaza Robert Koch tarehe 24 Machi 1882, na kinaweza kukaa kwenye matezi, uti wa mgongo, figo, utando wa ubongo, utumbo, mpaka huko kinywani. Mapafu ni nyumba yake kubwa tu. Kenya iko kwenye orodha ya nchi 30 za Shirika la Afya Duniani zenye mzigo mkubwa wa TB, kwa hiyo hata sura zake zisizo za kawaida tutaziona.

Kuhusu vipimo, kuna mambo ambayo hata wenzetu wa afya wanayasahau.

Kwanza, msinipanguzie kidonda kwa pamba mkaniletea mniambie "tafuta TB". Juu ya ngozi ya kinywa wakati mwingine kuna vijidudu vya ukoo huo huo ambavyo si TB na havina madhara. Kwenye darubini vyote vinapaka rangi nyekundu sawasawa. Utapewa jibu la uongo.

Pili, kipande cha kidonda huwa na vijidudu vichache mno. Rangi ya darubini ikitoka bila kitu haimaanishi hakuna TB. Wengi wanarudishwa nyumbani kwa jibu hilo.

Tatu, na hili linaniudhi kweli: kipande chote kinatumbukizwa kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Formalini inaua kijidudu. Mtaalamu wa tishu ataona vivimbe vyake vizuri, lakini mimi sitaweza kuotesha chochote. Mkate vipande viwili, kimoja kwenye formalini, kingine kwenye maji safi ya chumvi ya hospitali, kije haraka. Hicho cha pili kinaoteshwa, kinapimwa pia na GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kijidudu. Kuotesha kunaweza kuchukua hadi wiki 8. GeneXpert, iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, inatoa jibu chini ya saa mbili, na inasema pia kama kijidudu kimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB.

Na makohozi yapimwe hata kama mtu anaapa hakohoi. Fundi ameshasema kwa nini.

---

BintiLangoni

Shukran sana kwa uzi. Nimeusoma moyo unanienda mbio. Shangazi yangu yuko Faza, umri umeenda, anavaa meno ya bandia ya chini. Ana kidonda kwenye ufizi chini ya hayo meno, yuko nacho tangu kabla ya Ramadhani. Mwanzo tulisema meno yanambana. Ameyavua, anakula uji na mkate wa mofa uliolowekwa, na bado hakiponi. Tena ana sukari. Kikohozi sijamsikia. Nifanye nini? Kumtoa Faza si kazi ndogo, hataki hospitali.

---

FundiMeno_Amu

Bi. Langoni, pole. Nisome vizuri: haimaanishi ana TB, wala kansa. Mtu mzee mwenye sukari hupona polepole kwa kila kidonda. Lakini ameshayavua meno, kilichokuwa kinachubua kimeondoka, na kidonda kipo. Hapo hatusubiri tena. Sukari yenyewe inamwongezea mtu uwezekano wa kupata TB mara mbili hadi tatu, kwa hiyo hata kifua chake kiangaliwe.

Mwambie hivi: "Shangazi, tunakwenda kurekebisha meno yako upate kula samaki." Si uongo, maana meno nayo yataangaliwa.

---

MamaSwabra

Naomba kuuliza kuhusu watoto. Jirani yangu mwanawe ana tezi shingoni limekuwa kubwa kama nusu mwaka, na ufizi wa mbele umevimba lakini haumuumi. Wanapata maziwa kwa wafugaji, mabichi, wanasema ndiyo yenye nguvu. Kuna uhusiano?

---

Mtu_wa_Maabara

Unaweza kuwepo. Kwa watoto na vijana ndipo tunapokutana na TB inayoanzia kinywani yenyewe, bila kifua: ufizi unavimba, hauumi sana, na matezi ya shingo upande huo yanakuwa makubwa kuliko kidonda chenyewe. Na ng'ombe ana TB yake, inayopita kwenye maziwa mabichi, inaingilia koo na matezi ya shingo. Hiyo ya ng'ombe kwa asili haiguswi na pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za mwanzo, kwa hiyo kujua ni ipi si anasa. Maziwa yachemshwe mpaka yapande. Nguvu yake haiendi popote.

Na chanjo ya BCG ya mkononi, ile anayochomwa mtoto akizaliwa, inamkinga zaidi na TB kali za utotoni, kama ya ubongo. Haimaanishi hawezi kupata tezi. Mtoto huyo apelekwe, asikandwe kwa mafuta ya moto.

---

Msemakweli_Mokowe

Mimi nina dukuduku. Ndugu yangu alikuwa na kidonda kwenye kaakaa. Kliniki moja ya kulipia, siitaji, ilimpa antibayotiki ya siprofloksasini mara tatu kwa miezi tofauti. Kila mara kidonda kinapungua, tunashangilia, kisha kinarudi kikubwa zaidi. Pesa zikaisha. Mwisho hospitali ya serikali ndiyo iliyogundua ni TB. Sasa ile dawa ilikuwa inasaidia au inaharibu?

---

Mtu_wa_Maabara

Ilikuwa inamficha. Dawa za jamii ya siprofloksasini zinampiga kijidudu cha TB kiasi, hazimmalizi. Mgonjwa anapata nafuu, vipimo vinaweza kutoka safi, ugunduzi unachelewa. Mbaya zaidi ni kwamba dawa za jamii hiyo hiyo ndizo zinazotegemewa kutibu TB sugu, na kuzichezea ovyo kunamfundisha kijidudu kuzizoea. Ndiyo maana kidonda kisichojulikana hakipewi dawa hizo kwa kubahatisha.

---

FundiMeno_Amu

Niongeze na zile za kupaka zenye steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Zinatuliza uchungu vizuri sana, mtu anaona amepona. Kama chini yake kuna TB, umeondoa moshi na moto umeuacha.

---

Nahodha_Kizingitini

Salaam kwenu. Mimi si mtu wa dawa, mimi ni wa bahari, ila nina maswali mawili. Kwetu kulikuwa na muadhini, sauti ikamkauka, akawa anaadhini kama mtu anayenong'ona. Tukasema ni baridi ya alfajiri. Kumbe baadaye tukaambiwa ni TB ya koo. Hiyo nayo ni ya kanwani, yaani kinywani? La pili, barazani tunakunywa kahawa na vikombe ni vile vile, vinazunguka. Mwenye kidonda cha namna hii tukinywa naye, inatupata?

---

FundiMeno_Amu

Nahodha, ya koo ni jirani yake, na ni ya kuogopwa zaidi kwa wengine. Mwenye TB ya kisanduku cha sauti anarusha vijidudu vingi sana akizungumza na kukohoa. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu na kumeza kwa maumivu, mtu asingoje.

Vikombe: TB inasafiri hewani, mtu akikohoa, kupiga chafya, kuimba, kuongea kwa nguvu chumbani palipofungwa. Haipiti kwenye vikombe, sahani wala kupeana mikono. Kwa hiyo ile tabia ya kumtengea mgonjwa kikombe chake na kijiko chake, huku mmelala naye chumba kimoja dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, mmelinda pasipo na hatari na kuacha penyewe. Fungueni madirisha. Pandeni na mgonjwa darini akae kwenye upepo, Amu upepo hatununui. Akishaanza dawa na dawa zikamkubali, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi uambukizaji wake unashuka sana. Walio naye nyumbani wote wapimwe, watoto wadogo kwanza, na wasio na TB wanaweza kupewa dawa za kuzuia.

Vikombe vioshwe kwa sabuni kwa sababu nyingine zote. Nimeona vikombe vyenu.

---

Nahodha_Kizingitini

Hahaha, umetupata. Vinaoshwa na mai ya ndoo moja toka asubuhi.

---

Kijana_wa_Witu

Haya, nimesoma yote, nimelegea kidogo. Swali la mwisho la ubishi: kama mgonjwa anaambukiza kwa hewa, nyinyi wa meno mnaoinamia midomo ya watu mchana kutwa mbona hamfi?

---

FundiMeno_Amu

Tunavaa barakoa, tunafungua madirisha, na anayekohoa kwa wiki kadhaa kama jino lake linaweza kungoja tunamwambia apime kwanza. Na hatari ni pande zote mbili. Mwaka 1982 jarida la Lancet liliandika kisa cha Uingereza, wagonjwa 15 waliopata TB baada ya kung'olewa meno na daktari ambaye mwenyewe alikuwa na TB ya mapafu. Mashimo ya meno yalikuwa wazi, kijidudu kikapata mlango. Kwa hiyo ukimwona mtu wa meno anakohoa wiki nzima bila barakoa, una haki ya kumuuliza. Hata mimi niulizwe.

---

Msemakweli_Mokowe

Kwa wanaoogopa gharama: dawa za TB hospitali za serikali ni bure, na makohozi ndugu yangu hakulipia. Kilichotumaliza ni nauli, na zile dawa za kubahatisha kabla. Matibabu ni miezi 6: miwili ya mwanzo dawa nne, minne ya mwisho dawa mbili. Sisi tulishtuka mkojo ulipokuwa na rangi ya chungwa, hakuna aliyetuambia.

---

Mtu_wa_Maabara

Hiyo ni rifampisini, haina neno. Hata jasho na machozi hubadilika. Ila macho yakiwa manjano, mtu akaanza kutapika na kukataa chakula, arudi kliniki siku hiyo hiyo, ini liangaliwe. Rangi zikianza kumchanganya machoni, vilevile. Miguu ikifa ganzi aseme, kuna vitamini ya B6 kwa hilo. Kina mama mnaotumia vidonge vya kupanga uzazi au kipandikizi, mwambieni nesi, rifampisini inavipunguzia nguvu. Na TB ikiwa imeingia kwenye mfupa wa taya, miezi 6 haitoshi, daktari atarefusha.

Kila anayegundulika na TB anashauriwa kupima VVU pia. Msikasirike mkiambiwa. Kinga ikishuka, TB ndiyo hupenda kutokea sehemu zisizo za kawaida, kinywani ikiwemo.

---

MamaSwabra

Na saumu? Maana watu wakianza dawa Shaaban, Ramadhani inawakuta katikati, wanaacha.

---

FundiMeno_Amu

Hapo ndipo wengi wanapotuharibikia. Dozi ni mara moja kwa siku. Mwenye nguvu anaweza kupangiwa ameze usiku, kwa mfano kabla ya daku, maana dawa hizi hufanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu. Aliyedhoofu au mwenye sukari, ruhusa ya mgonjwa ipo, atalipa akipona. Azungumze na kliniki na azungumze na shehe wake, wote wawili watamwambia asiache dawa.

---

BintiLangoni

Nimempigia shangazi. Amekubali, kwa sharti la samaki. Anakuja keshokutwa na binti yake. Abebe nini?

---

FundiMeno_Amu

Meno yenyewe ya bandia, asiyaache nyumbani hata kama hayavai. Dawa zote alizotumia, hata pakiti tupu. Daftari lake la sukari, na dawa zake za sukari asiruke. Ile ya zambarau asipake tena kuanzia leo, inafunika rangi ya kidonda chote nami nitabaki kutazama wino. Asubuhi hiyo akiamka akatoa makohozi, ayatoe nje penye hewa, kwenye kichupa safi chenye kifuniko, aje nacho. Akikosa, tutamsaidia huku huku.

---

Nahodha_Kizingitini

Keshokutwa maji yanatoka mapema, mlango wa bahari wa Mkanda hautapitika mchana. Mwambie binti wawe gatini Faza alfajiri, wakichelewa boti haiwangoji.